Jumatano za Udi

Kengele ya moshi ndiyo niliyoisikia kwanza, kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimetoka chuoni, kifua kimejaa vitabu, napapasa tundu la ufunguo, na mlio ule ukapenya mbao za mlango kama msumari. Nikajua nyumba inaungua. Nilipoingia, ukumbi ulikuwa mtupu na jiko lilikuwa baridi, lakini hewa yote, kutoka kwenye zulia hadi darini, ilikuwa imejaa udi.

Udi wa kwetu. Ule ambao mama mdogo alitoka nao Mombasa ndani ya kopo la kahawa, umeviringwa kwa leso mbili, wa kutolewa siku ya Idi na kwa wageni wa maana. Mlango wa bafu ukafunguka, na ndani ya wingu akatokea mume wake, ambaye mimi nilimwita baba mdogo, taulo kiunoni, shati jeupe mkononi, akilipepea chini ya kengele kama mtu anayefukuza popo.

"Dirisha, mwanangu, dirisha!"

Nikafungua. Kengele ikanyamaza. Alilivaa shati likiwa bado linafuka mikononi, akafunga vifungo hadi shingoni, akachukua funguo za teksi.

"Tuna wageni?" nikamuuliza.

"Wageni gani?"

"Naona udi."

Alinusa mkono wake kana kwamba harufu ile ilikuwa habari mpya kwake. "Ah," akasema. "Nguo zimeanza kunuka teksi." Akatoka. Kutoka dirishani nilimwona akilipeleka gari taratibu kupita mapipa ya taka, kisha, alipofika barabarani, akalikimbiza.

Ilikuwa Jumatano, mchana, mwezi wa kumi.

Tuliishi Annandale, upande wa Virginia, katika jengo la matofali mekundu ambalo ngazi zake zilinuka vyakula vya nchi tatu au nne kwa pamoja. Mimi nilikuja kusoma, nikapewa chumba kilichokuwa cha kuwekea masanduku. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu anataka kuandika na bado hana la kuandika, kwa hiyo nyumba ya wenyeji wangu niliitazama kama kitabu cha mwenzangu ninachokisoma bila kuomba.

Baba mdogo alikuwa Mbarawa. Alizaliwa katika mji ule wa pwani ya Somalia ambako lugha ya watu ni ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu, akasomeshwa na walimu wa Kiitalia, na Kiitalia kikamkaa mdomoni kama jino. Akikasirika barabarani alitukana kwa Kiitalia. Akikata kitunguu aliimba kwa Kiitalia. Kilikuwa chumba kimoja katika nyumba yao ambacho mama mdogo hakupewa ufunguo wake, na kwa miaka yote ile hakuona sababu ya kuuomba.

Jioni ile mama mdogo alirudi kutoka kwa dobi, ambako kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Hakuvuka hata kizingiti. Alisimama na mkoba begani, pua imeinuka.

"Nani kafukiza?"

"Baba mdogo. Alifukiza shati."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

Aliketi na koti lake mwilini. Mtu wa kwetu hujifukiza Ijumaa akienda msikitini, au akienda arusini, au akienda mahali pengine ambapo hapasemwi. Nilidhani angecheka. Badala yake alinisimulia habari za baba yake, yaani babu yangu, ambazo mamangu hakuwahi kunisimulia. Babu alikuwa akijifukiza kila Jumatatu akienda, kwa maneno yake, kusoma dua Kisauni. Siku ya maziko yake wajane wakawa wawili, na yule wa pili alikuja na watoto wenye pua ya babu. Mama mdogo alikuwa msichana mdogo siku hiyo, amebeba sinia la vikombe vya kahawa.

"Unajua nakumbuka nini?" akaniambia. "Sikumbuki kilio. Nakumbuka nguo za wale watoto. Zilinuka udi wetu. Udi uleule wa nyumbani mwetu, mwanangu, aliokuwa akimega na kupeleka."

Akainuka akaenda kulifungua kopo la kahawa, akachungulia ndani, akalifunga.

"Mimi sitakuja kujua siku ya maziko," akasema. "Nikijua ni kweli, narudi Mombasa na hizi nguo nilizovaa."

Wiki iliyofuata alinunua sanduku kuukuu, la kijani, akaliweka nyuma ya mlango wa chumba chao likiwa wazi na tupu. Kila aliyeufunga mlango ule alilazimika kuliona. Baba mdogo aliufunga mlango ule kila siku na hakuuliza sanduku ni la nini. Na hilo pia mama mdogo alilitia akilini.

Tukaanza kupeleleza, na nasema tukaanza kwa sababu nilikuwa na hamu kama yeye. Kuna Jumatano alijifukiza na kuna Jumatano hakugusa kopo. Zilikuwa zikipita wiki mbili, mara tatu, halafu mchana mmoja anarudi kutoka teksini, anaoga, kengele inalia, anaondoka. Shati lilikuwa lilelile jeupe. Mama mdogo alilifua kwa mkono wake, akalinusa kabla ya maji na baada ya maji, akageuza kola kutafuta rangi ya mdomo. Hakuona kitu, na kutokuona kitu kukamzidishia shaka.

"Mwanamke msafi," akasema kwa uchungu, karibu kwa heshima.

Kisha simu. Simu yetu ilikuwa na waya mrefu wa kujikunja, na siku ya kuamkia Jumatano hizo baba mdogo aliuvuta waya hadi ndani ya kabati la makoti, akajifungia humo. Tulikaa kwenye kochi tukiutazama waya unavyotetemeka chini ya mlango. Sauti yake ilitoka imefunikwa na makoti, laini, Kiitalia kitupu. Mara alicheka. Mara alishusha pumzi ndefu. Mara moja alisema neno moja mara nyingi, kwa kusihi, kama mtu anayembembeleza mwingine asikate tamaa.

"Anasemaje?" mama mdogo akaninong'oneza.

"Mimi nasoma uhasibu, mama mdogo. Sijui Kiitalia."

"Chuo gani hicho hakifundishi kitu?"

Alirudi kutoka Jumatano zile na sura tofauti, na kila sura tuliipa maana. Siku moja alirudi na boksi la biskuti za lozi zilizofungwa kwa utepe, akala mbili akiwa amesimama, akiimba. Mama mdogo hakuzigusa. "Yeye ndiye kazioka," akasema. Siku nyingine alirudi macho mekundu, akakataa pilau, akalala na viatu. Usoni mwa mama mdogo nikaona furaha ndogo ya ajabu. "Wamegombana."

Halafu, kati ya mwezi wa kumi na mbili na baridi kali za mwanzo wa mwaka, hakujifukiza hata mara moja. Jumatano zilipita nyeupe za theluji, hana pa kwenda. Alikaa nyumbani akitengeneza bomba la jikoni, akamsifia mama mdogo mchuzi wake wa papa. Mimi nilidhani yameisha. Mama mdogo alitikisa kichwa.

"Amesafiri huyo. Kaenda kwao kukimbia baridi."

Mwezi wa tatu kengele ikalia tena. Mama mdogo aliposikia habari hiyo jioni alikwenda chumbani, na nilipopita nikaona sandukuni mna nguo mbili zilizokunjwa.

Lakini kulikuwa pia na Jumapili, ambazo hazikuingia katika hesabu yetu. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, baba mdogo alishuka kwenda kukaa ndani ya teksi yake pale uwanjani pa kuegeshea, milango imefungwa, injini imezimwa. Alisema anasikiliza habari za dunia, kuta za jengo letu zinazuia mawimbi ya redio. Nilimwona kutoka dirishani: kichwa kimeinama, waya umetoka kwenye redio ndogo ya masafa mafupi, ukapita dirishani na kupanda juu ya paa la gari. Aliupiga usukani kwa kiganja. Aliuegemea kwa paji la uso. Nilijiuliza ni habari gani za dunia zinazomwumiza mtu namna ile kila Jumapili, na kwa nini siku nzima baadaye anakuwa mnyonge.

Ilipofika mwezi wa nne, mama mdogo alikuwa amekonda. Aliomba ruhusa kwa dobi, Jumatano aliyoihisi mwenyewe inakuja, maana waya wa simu ulikuwa umetetemeka jana yake. Sisi hatukuwa na gari. Akapanda ghorofani kwa jirani yetu, mwanamke wa Lubumbashi aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwenye gari dogo la njano na moyo mkubwa wa kupenda mambo ya watu.

"Tantine, miye nilikuambia zamani," jirani akasema, akimwita shangazi kwa Kifaransa cha kwao, akishuka ngazi na funguo. "Banaume njo vile. Bwana yako iko na ingine bibi. Atuende."

Tukajibanza garini nyuma ya mapipa ya taka. Kengele ikalia juu, ikanyamaza. Baba mdogo akatoka na shati lake jeupe, akajitazama kwenye kioo cha teksi, akaondoka. Tukamfuata. Jirani aliendesha na kiti chake kimesogezwa mbele hadi kifua kinagusa usukani, akizungumza njia nzima, mama mdogo nyuma amefunika uso kwa mtandio asitambulike, ingawa nani angemtambua katika barabara ile kubwa inayolizunguka jiji. Tulivuka daraja la Potomac bila kukutana na gari la kutuzuia. Tukaingia Maryland. Nilidhani ataelekea kwenye nyumba zenye mapazia. Alipitiliza, akaingia College Park, akaegesha mbele ya safu ya maduka karibu na chuo kikuu, akaingia katika duka la kinyozi.

"Ananyoa," nikasema, na nikaona aibu kwa niaba ya sisi wote.

"Subiri," mama mdogo akasema.

Mkono ukageuza kibao mlangoni kuonyesha pamefungwa. Pazia likashushwa. Mchana kweupe, siku ya kazi, duka limefungwa na mume wake yumo ndani. Mama mdogo aliteremka akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, mtandio unapepea, na gari moja lilimpigia honi ndefu ambayo hakuisikia. Nikamkimbilia. Jirani akafuata, ameacha mlango wa gari lake wazi.

Hakubisha hodi kwa kidole. Alibisha kwa kiganja. Pazia likasogezwa na mzee wa Kiitalia aliyechomeka kitana nyuma ya sikio, akatufungulia, na kelele ikatumwagikia: watu, maelfu ya watu, kama mvua juu ya mabati, na juu ya mvua hiyo sauti ya mwanamume mmoja inakimbia bila kupumua. Ilitoka kwenye redio kubwa ya mbao iliyokuwa juu ya rafu ya chupa za marashi. Wazee wengine wawili waliketi kwenye viti vya kunyolea, shuka shingoni, hakuna anayewanyoa. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati, mikono kichwani, amekitazama kioo bila kujiona.

"Yuko wapi?" mama mdogo akauliza.

Baba mdogo akageuka. Sijawahi kumwona mtu anashtuka vile. "Nani?"

"Huyo wako."

Hakungoja. Aliufungua mlango wa nyuma, na tukaona ufagio, ndoo, katoni ya sabuni, na choo kidogo kisicho na mtu. Alifungua hata kabati la taulo. Ndipo redio ikapiga ukelele, mvua ya mabati ikakatika ghafla, na wazee wote watatu wakaguna pamoja kama mtu mmoja aliyekanyagwa. Baba mdogo alifunika uso.

Mama mdogo akaganda, mkono bado uko kabatini. "Nani amekufa?"

"Tumefungwa," baba mdogo akasema ndani ya viganja vyake.

"Mmefungwa na nani?"

"Wajerumani."

Jirani aliegemea kizingiti akipumua. "Njo hii tu? Mupira? Miye nimeacha kazi yangu juu ya mupira?"

Ulikuwa mpira. Ilikuwa timu moja ya Italia aliyoipenda tangu darasani Barawa, ambako mwalimu wake alikuwa akiwasomea matokeo ubaoni kabla ya hesabu, na mwaka ule timu hiyo ilikuwa imepata nafasi ya kucheza kombe la Ulaya. Mechi za Ulaya huchezwa Jumatano usiku, na usiku wa kwao ni mchana wetu. Raundi ya kwanza mwezi wa tisa, ya pili vuli, ya tatu theluji inapokaribia. Kisha kombe hupumzika kipindi kizima cha baridi na kurudi mwezi wa tatu. Mwanamke wetu hakuwa amesafiri. Alikuwa katika mapumziko. Biskuti za lozi zilikuwa za kinyozi, siku walipowatoa Wabelgiji ugenini. Macho mekundu yalikuwa ya bao la dakika ya mwisho. Na zile Jumapili garini zilikuwa ligi ya nyumbani kwao, ambako timu hiyohiyo iliyowasumbua wageni ilifungwa na kila jirani, wiki baada ya wiki, kama mtu mchangamfu barazani na mnyonge chumbani kwake.

Na udi? Alilieleza hilo mwishoni, ameinamisha kichwa, mbele ya wazee wasiojua Kiswahili. Mechi ya kwanza ya Ulaya ilimkuta ametoka maulidini jana yake, shati bado linanukia, na timu ikashinda. Ya pili alikwenda na shati la kawaida, wakafungwa. Tangu hapo hakuthubutu.

"Sasa kwa nini usiniambie?" mama mdogo akauliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba nafukiza udi wako wa Idi kwa ajili ya watu wanaokimbia na chupi?"

Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha kunyolea kilichokuwa wazi. Nilidhani atalia, na kweli mabega yalianza kutikisika, ila kilichotoka kilikuwa kicheko, kikaja kingine juu yake, hadi mtandio ukamwanguka na machozi yakamfika kidevuni. "Mke mwenza," akasema akikosa pumzi, "mke mwenza wangu ana miguu ishirini na miwili!" Baba mdogo naye akacheka, kwa woga kwanza. Redioni timu yake ilikuwa inatolewa nje ya Ulaya, na hakuna aliyekuwa akiisikiliza tena isipokuwa wale wazee.

Katikati ya kicheko kile kinyozi alinikaribia. Alikuwa mpole, alitaka kuniliwaza, akanisemesha kwa Kiingereza chake kizito. Akasema tumekuja siku mbaya lakini rafiki yao leo ameonyesha mapenzi ya kweli, kwa sababu leo amewahi tangu mwanzo. Siku zote huwa anawakuta kipindi cha pili.

"Kipindi cha pili?" nikauliza.

"Siku zote," akasema, akatabasamu. "Anaingia, ananukia, anauliza ngapi ngapi."

Nilimtazama mama mdogo. Kiingereza chake kilikuwa cha zipu na suruali, na wakati huo alikuwa akipangusa macho kwa taulo la kinyozi, amependeza kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Sikutafsiri.

Nyumbani sanduku la kijani likajazwa makoti ya baridi, likasukumwa chini ya kitanda. Mama mdogo alikisimulia kisa kile katika kila arusi na kila hitima, kutoka Annandale hadi kwa watu wetu wa Gaithersburg, na kila aliposimulia, mlango wa duka la kinyozi ulizidi kuwa mzito na teke lake likazidi kuwa kubwa, ingawa hakuupiga teke. Wanawake walimwombea dua. "Bora mpira," walisema. "Mpira hauzai." Alinenepa tena. Mimi nilicheka nao, kisha nikarudi chumbani kwangu nikakaa na neno la kinyozi kama punje ya mchanga ndani ya chakula kitamu.

Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyumbani michana ile. Mimi ndiye niliyemfungulia dirisha. Nilijua anaondoka mapema, tena nilijua sasa njia ni fupi kiasi gani. Mtu anayetoka Annandale saa ile anafika kwa kinyozi na kunywa kahawa kabla timu hazijaingia uwanjani. Basi kipindi chote cha kwanza, Jumatano zote zile, alikuwa wapi na shati lake?

Jumapili zilizobaki za msimu nilishuka nikakaa naye garini. Alifurahi. Alinifundisha kusikia jina la timu yake ndani ya ule mtiririko, akanieleza nani yuko wapi katika msimamo wa ligi, na mimi, niliyeanza kwa upelelezi, nikaanza kuingoja Jumapili. Asubuhi moja, mawimbi yalipofifia na tukabaki na mikwaruzo mitupu, nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Baba mdogo, Jumatano zile, kinyozi anasema ulikuwa ukichelewa."

Alizungusha kitufe cha redio kushoto, akakirudisha kulia. "Foleni," akasema. "Lile daraja lina foleni mbaya."

"Mchana?"

"Mchana ndiyo hasa."

Sauti ya mtangazaji ikarudi, naye akainua kidole kuninyamazisha.

Mechi ya mwisho ilikuwa sare isiyo na mabao. Alizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, akautoa waya paani na kuuviringa kwenye vidole vyake polepole. Timu ilikuwa imemaliza katikati kabisa ya msimamo, mahali ambapo hakuna aibu wala zawadi.

"Basi," akasema. "Mwakani hatumo."

"Hatumo wapi?"

"Ulaya. Anayekwenda Ulaya ni aliyefanya vizuri nyumbani." Alitabasamu kwa huzuni, akanigusa bega. "Mwakani ni Jumapili tu, mwanangu. Mimi na wewe."

Nakumbuka nilifarijika. Kama hakuna Ulaya hakuna Jumatano, na kama hakuna Jumatano sihitaji kujua. Kiangazi kilipita. Nyumba yetu ilinuka vitunguu na pasi ya moto. Mwezi wa nane timu ikatolewa hata katika lile kombe dogo la nchini kwao, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeniambia, akila tikiti maji. Sasa wamebaki na ligi peke yake, alisema, bora, wapumzike.

Mama mdogo hakufuatilia hayo. Kwake mpira ulikuwa mpira, na Jumatano zilikuwa zake. Alikuwa ameandikia nyumbani aletewe udi mwingine, na ulipofika, wa Pemba, mzito, mweusi, aliumimina katika kopo la kahawa akasema, "Huu ndio wa kumchapa Mjerumani."

Mwezi wa kumi, Jumatano moja mchana, nilitoka chuoni na kuweka ufunguo mlangoni. Hakukuwa na mlio wowote. Ndani, mama mdogo, aliyekuwa na likizo ya siku moja, alikuwa amepanda kiti na kuivisha kengele ya moshi mfuko wa nailoni, akaufunga kwa uzi wake wa kushonea. Chetezo kilikuwa sakafuni katikati ya ukumbi, si bafuni tena. Alilishika shati jeupe juu yake kwa mikono miwili, akaligeuza mbele na nyuma, ndani ya kwapa, chini ya kola, kwa uangalifu wa mtu anayemvisha bwana arusi. Baba mdogo alisimama kando na fulana, ametoka kuoga, anasubiri.

"Mwanangu umewahi," mama mdogo akaniambia. "Leo mke mwenza wangu ana mechi."

Nikaweka vitabu chini. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa akiutazama moshi.

"Nyanyua mikono," mama mdogo akamwamuru, akamvisha, akamfungia vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, hadi shingoni. Akarudi nyuma kidogo kumwangalia. "Haya. Mwaka huu wakikufunga si kwa sababu yangu. Leo wanacheza na nani?"

Alichukua funguo za teksi mezani. Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka, na macho yake yalimpita mama mdogo yakaja kwangu, yakakaa kwangu muda wa pumzi moja. Hayakuwa ya kusihi wala ya kutisha. Yalikuwa macho ya mtu aliyeketi nami garini Jumapili nyingi, anayejua vizuri ninajua nini.

"Na Wagiriki," akasema.

"Wafungeni!" mama mdogo akapaza sauti, chetezo mkononi, na mlango ukafungwa nyuma yake.